Kugandisha damu ni rahisi, kazi iko kwenye kuiosha

Mhariri,

Makala yenu kuhusu uhaba wa damu ilishauri benki za damu zinunue friza kubwa, zigandishe kila chupa inayozidi, na tatizo litakuwa limekwisha. Nimekaa maabara ya damu miaka mingi, na naomba niseme kwamba hiyo friza ndiyo sehemu nyepesi kuliko zote.

Damu ikitiwa kwenye baridi kali hivihivi, seli nyekundu hupasuka, na ukiiyeyusha unabaki na maji mekundu yasiyomfaa mgonjwa yeyote. Wengi hudhani ni barafu inayozitoboa seli. Hilo lipo, hasa damu ikigandishwa kwa kasi na barafu ikajijenga ndani ya seli zenyewe. Ikigandishwa polepole, muuaji ni chumvi: maji ya nje yanageuka barafu, chumvi inabaki kwenye umajimaji kidogo uliosalia, inakolea, na kuvuta maji ya seli mpaka seli inanyauka. Kinga yake ni gliseroli, kimiminika kizito kinachochanganywa na damu kabla ya kuigandisha: huingia ndani ya seli na kupunguza kiasi cha maji yanayoganda, hivyo chumvi haifikii ukali huo.

Ugunduzi wenyewe ulikuja kwa bahati, London, mwaka 1949. Christopher Polge, Audrey Smith na Alan Parkes walikuwa wakihangaika kugandisha mbegu za jogoo kwa sukari ya matunda, hawafiki popote, mpaka chupa moja ikawapa matokeo mazuri ya ajabu. Kuichunguza, kumbe lebo haikuwa yake: ndani mlikuwa na gliseroli. Mwaka uliofuata Smith akaonyesha kwamba inazilinda hata seli nyekundu. (Sisi tunaogombezana kila siku juu ya lebo, hadithi hii hatuisimulii mbele ya wanafunzi.)

Sasa tuje kwenye kuyeyusha, ambako makala haikugusa kabisa. Mfuko unatoka kwenye friza ya nyuzi 65 chini ya sifuri, au baridi zaidi ya hapo, ukiwa mgumu kama kigae. Unatumbukizwa kwenye maji ya nyuzi 37. Ukishalainika, bado huwezi kumtundikia mgonjwa, maana seli zimeloa gliseroli ya kiasi cha asilimia 40. Zikikutana ghafla na damu yake, maji yataingia ndani ya seli hizo upesi kuliko gliseroli inavyotoka, nazo zitavimba na kupasuka. Kwa hiyo tunaziosha hatua kwa hatua: kwanza maji ya chumvi ya asilimia 12, kisha 1.6, mwisho 0.9 yenye glukosi kidogo. Maji ya kwanza hutoka mekundu. Unaendelea kuosha huku ukilinganisha rangi ya maji yanayotoka na kipimo cha rangi, mpaka yawe yamepauka. Kwa mfuko mmoja, hiyo ni saa nzima au zaidi, na mtu mmoja wa maabara hagusi kazi nyingine.

Tena si damu ya kila mchangiaji inayokubali. Siku moja tulipokuwa tukiosha mfuko, seli zikagandamana zikawa kama jeli. Mchangiaji alikuwa amebeba kinasaba kimoja cha selimundu. Yeye ni mzima kabisa, hana dalili yoyote, ila seli zake hazistahimili uoshaji huo wa kawaida.

Ndiyo maana tunagandisha kwa ajili ya wachache: mwenye kundi la damu la nadra liitwalo Bombay, lililoelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1952, ambaye hata damu ya kundi O humdhuru, au asiye na antijeni U (alama iliyo juu ya seli nyekundu za karibu watu wote), hali inayoonekana zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika. Mtu wa namna hii akihitaji damu usiku wa manane, mchangiaji anayelingana naye huenda yuko nchi nyingine. Mwenye kundi O la kawaida anahudumiwa vizuri na damu ya jokofu, ambayo ikiwekewa viongezi hudumu siku 42, ilimradi wachangiaji waje.

Mwisho, makala ilisema damu iliyogandishwa hudumu miaka 10. Ni kweli, ikiwa bado imo kwenye friza. Ikishayeyushwa na kuoshwa kwa mfumo wa wazi, yaani mfuko ukifunguliwa na vijidudu vikaweza kuingia, inatakiwa itumike ndani ya saa 24, vinginevyo inamwagwa. Naomba mrekebishe hapo.

Mtaalamu wa maabara ya damu