Barua kwa mwanangu Monika: majini usiingie

Bagamoyo

Mwanangu Monika,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua utaitikia, hata kama siku hizi mnasalimiana kwa "Bwana asifiwe".

Mama yako kaniambia jana usiku, baada ya kunificha wiki nzima, kwamba Jumapili ijayo mchungaji wenu anawapeleka waumini wapya ziwani kubatizwa na wewe umo kwenye orodha. Usingizi umenipaa. Nimeona niandike, maana kwenye simu wewe ni mwepesi wa maneno, nami nikipandwa na hasira nakata. Kaka yako ataipiga picha akutumie.

Neno langu ni moja: usibatizwe mara ya pili. Kusali nao sikukatazi, umeshakuwa mtu mzima na mshahara wako unapokea mwenyewe. Kwaya imba, mkesha kesha, Biblia soma mpaka kurasa zilegee. Hilo la kusoma kila siku nimeshajisifia nalo pale karakana mpaka wenzangu wamenichoka. Lakini majini usiingie.

Umemwambia mama yako kwamba ule wa utotoni haukuwa ubatizo, eti ulinyunyiziwa tu na akili hukuwa nayo. Hukunyunyiziwa. Ulimiminiwa maji kichwani mara tatu, kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Na hayo maji mengi mnayojivunia si haramu kwetu. Sheria ya Kanisa Katoliki inaruhusu kuzamisha na inaruhusu kumimina. Ingekuwa hesabu ni kina cha maji, basi wavuvi wetu hapa wangekuwa watakatifu wote, Waislamu kwa Wakristo.

Kuhusu akili, sitakudanganya kwamba kuna mstari unaotaja kichanga kikibatizwa. Haupo. Kuna Matendo sura ya 16, Lidia na nyumba yake, halafu mlinzi wa gereza na watu wake wote, usiku uleule. Nyumba nzima ya watu wa wakati ule isiwe na mtoto hata mmoja? Isitoshe, siku ya kipaimara, ulipothibitisha imani yako, ulijibu kwa kinywa chako mwenyewe, hakuna aliyekusemea. Akili ulikuwa nayo siku hiyo, na ulimi pia.

Unajua nilizaliwa Mlutheri kule Lushoto. Usilolijua ni kwamba nilipotaka kumuoa mama yako nilikwenda kwa paroko, padre mkuu wa parokia, nikiwa tayari kubatizwa upya, shati jeupe nimeshanunua. Akakataa. Akasema, "Leta cheti cha Walutheri." Nikapanda basi mpaka Lushoto nikakileta. Alikisoma taratibu, akakikunja, akaniambia: "Umeshabatizwa. Mimi hapo sina cha kuongeza." Nikakiri imani, nikapewa kipaimara na komunyo, basi. Hebu lipime hilo, mama. Kanisa mnalosema lina kiburi liliyaona maji ya Walutheri kuwa maji halali, na ya Waanglikana vilevile. Hao wenzako ndio wanaoyaita maji ya wengine bure.

Na ugomvi wenyewe si wa leo. Karibu mwaka 256, Kartago, Afrika hii hii, Askofu Sipriani alisema waliobatizwa na wazushi wabatizwe upya wakirudi. Papa Stefano akamwandikia kutoka Roma: hapana, wawekewe mikono tu. Walirushiana maneno makali. Kanisa lilikuja kushika lile la Stefano. Hata hivyo Sipriani, aliyekatwa kichwa kwa ajili ya Kristo mwaka 258, hadi leo padre anamtaja kwenye Misa anaposoma ile sala ndefu ya Kirumi. Alikosea hilo, na bado ni mtakatifu wetu. Nakuandikia hivi usije ukadhani nakuona mpotevu.

Baadaye wakaja Wadonati, huko huko Afrika ya Kaskazini, nao wakabatiza watu upya wakidai mapadre wa upande wa pili ni wachafu. Aliyewajibu ni Augustino, mtoto wa yule Monika uliyepewa jina lake. Akasema abatize Petro, abatize Yuda, anayebatiza ni Kristo. Kwa hiyo hata hiyo habari ya padre fulani uliyomsimulia mama yako, nami naijua na inaniuma, haigusi maji yako. Najua utaniambia Augustino mwenyewe alibatizwa mtu mzima, mwaka 387 kule Milano. Kweli. Lakini mara moja.

Sasa hilo swali lenu la "iko wapi kwenye Biblia?" Ni swali zuri, ila lianze na Biblia yenyewe. Orodha ya vitabu vyake iko ukurasa gani wa Maandiko? Haimo. Ya kwetu ina vitabu 73, hiyo uliyonunua Mwanza ina 66. Hesabu saba vilivyokosekana: Tobiti, Yudithi, Hekima, Yoshua bin Sira, Baruku na viwili vya Wamakabayo. Maaskofu walikaa Hippo mwaka 393 na Kartago 397 wakataja vitabu vinavyosomwa kanisani, hivyo saba vikiwemo, Baruku kikihesabiwa pamoja na Yeremia, na Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu, ukafunga mjadala mwaka 1546. Ukisema unafuata Biblia peke yake, umeshaupokea mkono wa Kanisa lililokukabidhi, utake usitake. Paulo anamwambia Timotheo kwamba Kanisa la Mungu aliye hai ndilo "nguzo na msingi wa kweli". Waraka wa kwanza, sura ya 3, aya ya 15. Hiyo imo hata kwenye ya vitabu 66. Na maswali yako ya zamani kuhusu kuwaombea marehemu, ambayo hapa nyumbani yalijibiwa kwa kutumwa dukani, jibu lake lianzie Wamakabayo wa Pili sura ya 12. Ndiyo maana kukosekana kwa vitabu hivyo si jambo dogo.

Msiniambie tena kwamba tunamweka Papa juu ya Neno. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, ulitamka wazi kwamba mamlaka ya kufundisha hayako juu ya Neno la Mungu, yanalitumikia. Ile imani ya kutokosea kwa Papa, iliyotangazwa 1870, haimaanishi kila neno litokalo kinywani mwake, na Papa naye huungama dhambi zake kwa padre kama mimi. Je, huyo mchungaji wenu akikosea, nani anamwambia? Simtukani, nauliza. Yule towashi Mwethiopia wa Matendo sura ya 8 alikuwa na kitabu cha nabii Isaya mkononi, anasoma kwa sauti, na bado alimjibu Filipo: "Nitawezaje kuelewa, mtu asiponiongoza?" Filipo naye hakujituma, alikuwa ametumwa.

Asubuhi hii nimepita ofisi ya parokia, nikamwomba katibu anifungulie daftari la ubatizo. Amenung'unika kidogo, amelileta. Mstari wako upo, wino umeanza kugeuka kahawia: jina lako, langu, la mama yako, msimamizi wako, sahihi ya padre iliyolala kama imechoka. Pembeni kabisa wameandika kipaimara chako na tarehe yake. Baada ya hapo ni nafasi ya ndoa, haina kitu. Nimemuuliza katibu, mtu akibatizwa kwingine mnaandika wapi? Akanitazama. "Hakuna pa kuandika, mzee." Ndivyo Kanisa linavyofundisha: chapa ile haifutiki. Ni nakshi, iko ndani ya mti. Rangi ndiyo ingebanduka.

Kwa hiyo hata ukiingia ziwani hutakuwa umefuta kitu. Ninachokiogopa ni maneno utakayokuwa umeyasema kwa kuingia: kwamba siku ile Mungu hakufanya lolote. "Bwana mmoja, imani moja, ubatizo mmoja." Waefeso 4:5, nayo imo kwenye yako.

Nilipotoka ofisini nikawakuta watalii kwenye mnara wa kanisa la zamani, wanasimuliwa habari za Livingstone. Watumishi wake Chuma na Susi na wenzao walileta maiti yake mpaka hapa Februari 1874, na mapadre wakamlaza ndani ya kanisa usiku ule. Mprotestanti yule, Mskoti. Walikuwa na miaka sita tu tangu wafike, mwaka 1868, na wala hawakumuuliza marehemu dini. Nikasema moyoni, Monika akija na hao rafiki zake wa kanisani, nami nitawakaribisha, wali utapikwa. Waje tu.

Mengine ya nyumbani. Presha ya mama yako imetulia, ila dawa anazisahau. Ukipiga simu muulize dawa kwanza, habari za ndoto zake baadaye. Mabati ya upande wa jiko yamevuja tena, mvua ya juzi imelowesha unga. Hela uliyotuma imenunua mabati manne, asante sana, Mungu akuzidishie. Kaka yako ameuza pikipiki. Usimuulize bei. Jirani yetu Bi Mwanahamisi anakusalimu, na anasema wewe badili kanisa utakavyo lakini usibadili adabu. Nimepata kazi ya mlango wa nyumba ya zamani kule Mji Mkongwe, kazi ya miezi, kwa hiyo usihangaike na hela ya mwezi ujao.

Nipigie kabla ya Jumapili. Kabla, si baada. Ukitaka kuongea na paroko, amekubali. Nimempa namba yako, usishangae ukiona simu ngeni. Na ukiona ni vigumu kumwambia mchungaji, mwambie baba yako amekataa. Lawama zije kwangu.

Ng'onda wa papa nimemkabidhi kijana wa jumuiya yetu anayesafiri Mwanza Alhamisi. Najua huko mna sato wa kutosha, lakini mama yako kasisitiza. Waloweke usiku kucha, umwage maji ya kwanza, na kwenye nazi usitie chumvi, wameshakolea.

Wako,
Baba