YAH: Mafaili yetu kwenye folda ya pamoja hayajafutwa, yamefichwa

Kwa meneja wa huduma kwa wateja,

Habari za kazi. Niko kitengo cha malipo kwenye ofisi ambayo seva yake mnaihudumia nyie, na naandika kwa sababu nimechoka na hilo jibu lenu la "kuna mtu kafuta", maana sio kweli na hamjawahi hata kuangalia.

Shida iko hivi. Faili la ankara jana tulikuwa tunaliona wote, leo nikifungua folda ya pamoja halipo, mwenzangu naye halioni, lakini bosi akifungua folda hiyohiyo kwenye kompyuta yake liko palepale. Sasa faili lililofutwa bosi analionaje? Fundi wenu akaniambia nibonyeze F5 ili orodha ya mafaili isomwe upya, nikabonyeza, nirestati kompyuta, nikarestati, mwisho akaamua kurudisha kutoka kwenye bakapu na akaturudishia la zamani kwenye folda nyingine kabisa, kwa hiyo sasa hivi bosi anajaza lake sisi tunajaza letu na hesabu hazilingani. Halafu tiketi, yaani rekodi ya tatizo letu kwenu, ikafungwa, "imetatuliwa". Imetatuliwa na nani?

Hiyo F5 ingesaidia kama kompyuta yangu ingekuwa imeshikilia orodha ya zamani, lakini Windows kwa kawaida huitunza orodha ya folda ya kwenye mtandao kwa sekunde 10 tu kabla ya kuuliza seva upya. Huku kwetu ni siku nzima jamani.

Sasa niwaambie nilichokiona. Niliandika njia nzima ya faili pale juu kwenye dirisha, kuanzia jina la seva mpaka jina la faili na ile .xlsx yake, nikapiga enta. Ikaniambia sina ruhusa. Nikabadilisha herufi moja ili liwe jina ambalo halipo, nikapiga enta tena, hapo ndo ikasema haioni kitu kama hicho. Yaani seva inalijua faili vizuri tu, inanificha mimi.

Na seva yenu ina ule mpangilio wa kumficha mtu chochote ambacho hana ruhusa ya kukisoma, nyie wenyewe ndo mliuwasha na sina ugomvi nao, ni mzuri. Ila angalieni yanayopotea ni yapi: ni yale ambayo bosi anayakopi kwenye folda yake binafsi, anarekebisha, halafu anayakata na kuyapesti juu ya yale ya zamani. Ukikata na kupesti ndani ya diski moja, faili mara nyingi linahama na ruhusa zake za kulikotoka, na kule ruhusa ni za bosi peke yake. Ukikopi, linachukua ruhusa za folda linapoingia. Ndo maana anayotuletea kwa kukopi hayajawahi kupotea hata moja. Hili ni jambo la fundi wa seva kulijua kabla yangu mimi wa ankara.

Ninachotaka sio samahani. Tiketi ifunguliwe upya, aje mtu mwenye akaunti ya admini afungue sehemu ya ruhusa kwenye faili mojawapo aweke jina langu aone nina haki gani, halafu ruhusa za folda ya pamoja zirithishwe upya kwa mafaili yote yaliyomo. Bosi tumeshamwomba awe anakopi badala ya kukata, ila hatuwezi kumlinda bosi kila siku. Na hizo nakala mbili mlizotuachia, mtusaidie kulinganisha kabla ya kufunga mwezi. Mkipigiwa tena kwamba faili halionekani, ulizeni kwanza kama kuna mwingine anayeliona, bakapu baadaye.

Majibu yaje kwa maandishi, sio kwa simu.

Kitengo cha malipo

Nakala: bosi