Majibu ya jeni unayo, kwa nini tunampima mzee upya?

Lalamiko hili halituishi. Mtu anamleta mzazi wake akiwa na majibu ya kipimo cha jeni cha mate, kisha anaudhika tukimtajia gharama ya vipimo vyetu vya mwili. "Si imeandikwa ana jeni ya unene? Tupeni mpango wa chakula tuondoke."

Imeandikwa, ndiyo. Inayotajwa sana ni jeni iitwayo FTO, iliyohusishwa na unene mwaka 2007. Mwenye nakala mbili za aina yake ya hatari humzidi asiye nayo kwa kilo 3 hivi kwa wastani, na nguvu yake huonekana zaidi ujanani, kisha hupungua umri unaposonga. Urithi una mchango mkubwa katika uzito, hilo hatulipingi, ila umetawanyika katika mamia ya jeni. Karatasi ile haijui mzee wako amebakiwa na misuli kiasi gani leo.

Hapo ndipo njia ya mkato inapoumiza. Familia inasoma "unene", inampunguzia mzee chakula, mizani inashuka, wote wanafurahi. Lakini takriban robo ya uzito unaopotea kwa kujinyima hutoka kwenye misuli na tishu nyingine zisizo mafuta. Uzito ukirudi, mara nyingi hurudi kama mafuta. Anabaki na tumbo lilelile na miguu dhaifu, na matibabu ya mzee aliyeanguka ni ghali kuliko saa nzima ya vipimo vyetu.

Saa hiyo inaenda wapi? Tunapima asubuhi, kabla ya kula, mzee akishakwenda haja. Urefu tunaupima upya, hatuukopi kwenye kitambulisho, kwa sababu uti wa mgongo hufupika. Mama wa kilo 64 aliyekuwa na sentimita 160 ana BMI (uzito ukilinganishwa na urefu) ya 25. Akifupika hadi 156 inasomeka 26.3, na hajaongeza hata gramu moja! Kiuno tunapima katikati ya ubavu wa mwisho na juu ya mfupa wa nyonga, mwisho wa kutoa pumzi, mara mbili. Tofauti ikizidi sentimita 1 tunarudia. Mzunguko wa kigimbi ukiwa chini ya sentimita 31 tunahofia misuli imepungua. Kisha anainuka kitini mara tano, mikono imekunjwa kifuani: ikizidi sekunde 15, nguvu zimepungua.

Mashine ya kupima mafuta kwa umeme hudanganyika mwili ukikosa maji, ikaonyesha mafuta mengi kuliko yaliyopo. Kwa hiyo tunauliza kuhusu dawa za kukojosha. Mwenye kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo hatumpandishi kabisa.

Na mzee aliyepungua asilimia 5 ya uzito ndani ya miezi 6 hadi 12 bila kukusudia, hata majibu yake ya jeni yaseme nini, hatumwandikii mpango wowote. Tunamwelekeza kwa daktari kwanza.