Barua kwa Manka, kabla hajakalia kile kiti

Pasua, Moshi

Mwanangu Manka,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Habari ya kwamba umepewa kipindi chako mwenyewe ilinifanya nimpigie shangazi yako wa Kibosho kabla sijavua hata viatu. Furaha ilipungua nilipofika pale ulipoeleza kuwa kazi yenyewe ni kuwakutanisha watu wenye ugomvi mbele ya kamera, mmoja akifichwa nyuma ya pazia mpaka mwenzake amalize kumsema.

Umeniandikia kuwa hili ni jambo jipya. Si jipya, mama. Huko Marekani, mtangazaji Joe Pyne alikuwa akiwatukana wageni wake hewani katika miaka ya 1960, na mwaka 1988 Geraldo Rivera alivunjwa pua kwa kiti katika vurugu zilizozuka studioni kwake. Jerry Springer, ambaye aliwahi kuwa meya wa Cincinnati, alianza kipindi chake mwaka 1991 kwa mazungumzo ya siasa ambayo hayakupata watazamaji wengi; alipogeukia ndoa za watu na ngumi, alifika mahali pa kumpita mtangazaji Oprah Winfrey kwa watazamaji mwaka 1998. Sidhani kama alizaliwa mgomvi. Nadhani aliona kinacholipa, na anayelipwa kwa kelele hawezi kutamani wageni wake wapatane mapema.

Mwaka 1995 mgeni wa kipindi cha Jenny Jones alikiri mbele ya kamera kuwa anampenda rafiki yake, mwanamume mwenzake, ambaye hakuwa ameambiwa atakutana na nani pale. Siku tatu baadaye rafiki huyo alimuua kwa bunduki. Uingereza nako, kipindi cha Jeremy Kyle kilichoanza mwaka 2005 kilifutwa mwaka 2019, baada ya kifo cha mgeni aliyeambiwa kuwa ameshindwa kipimo cha kugundua uongo.

Utasema hayo ni ya Wazungu. Basi nikueleze ya hapa Kiboriloni, ambayo sikukuambia ulipokuja Krismasi. Yule mama tuliyezoea kununua kwake ndizi za mtori alialikwa na kituo kimoja cha televisheni, nisichokitaja, akaelezwa kuwa atasaidiwa kusuluhishwa na mumewe. Alipewa nauli na chakula cha mchana. Alipofika alimkuta mwanamke mwingine amekaa tayari, na mtangazaji akamuuliza mambo ya chumbani huku akitabasamu. Wiki iliyofuata vijana wa bodaboda walikuwa wakimwigiza anavyolia, neno kwa neno, naye anapima ndizi. Sasa hufunga kitenge mpaka kwenye nyusi, na mteja akitoa simu mfukoni hugeuza uso.

Sisi wenyewe si malaika. Katika vikao vya ukoo kwa babu yako watu walipigiana kelele mpaka mbege, pombe yetu ya ndizi, ikamwagika, na baadhi ya maamuzi, hasa dhidi ya wanawake, yalikuwa ya dhuluma tupu. Lakini kila aliyeketi pale alijua kuwa kesho atakutana na yuleyule mtu kwenye mfereji au kanisani, kwa hiyo mzee aliyewasha moto alilazimika kuishi karibu nao. Wewe utauwasha Dar es Salaam, kisha yatafuata matangazo ya sabuni, na mgeni wako atapanda basi la usiku peke yake.

Sikukatazi, umri wa kukukataza umepita, na kodi ya nyumba naijua. Ila kabla hujasaini mkataba, muulize mtayarishaji wako mambo mawili: je, mgeni ataambiwa mapema nani mwingine atakuwepo, na baada ya wiki moja ni nani katika ofisi yenu mwenye jukumu la kumpigia simu? Akicheka, niambie alivyocheka.

Yule mama amekusalimu. Nilipomwambia umepata kipindi, aliniuliza kama ni cha mapishi.

Mama yako