Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2024: Nyumba Zilizopo Nazo Zihesabiwe

Ndugu wanachama, assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Katiba yetu inamtaka mwenyekiti aeleze kila mwaka kilichofanyika na fedha zilivyotumika. Fedha nitazifikia. Mweka hazina amekwishabandika hesabu kwenye ubao wa chini, na nimeona watu wanazipiga picha kwa simu zao, jambo ambalo napenda liendelee. Naanza na lililotuhangaisha kuliko yote, nalo ni paa la jumba letu hapa Michenzani.

Masika iliyopita maji hayakuishia ghorofa ya juu kama tulivyozoea. Yaliteremka kwenye ngazi ya kwanza mpaka ghorofa ya tatu, na wenye vyumba vya pembeni walilala na ndoo. Tulidhani dawa ni lami, kama miaka yote. Fundi tuliyemwita hakufungua hata kopo. Alipanda na nyundo ndogo, akawa anagonga dari hatua kwa hatua huku ametega sikio. Palipotoa sauti tupu alibandua, zege likaporomoka, na ndani tukaziona nondo zimevimba kwa kutu, nyengine zimekwisha kabisa. Alituelewesha kwa lugha nyepesi: maji na chumvi ya bahari vikipenya, chuma hushika kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, basi husukuma zege mpaka libanduke. Ukipaka rangi juu yake umeficha ugonjwa tu. Na sisi rangi tumepaka sana, khasa wageni wakubwa wanapotarajiwa kupita barabarani.

Juu ya paa kuna sababu yetu wenyewe pia. Karibu kila nyumba imepandisha tangi lake. Tangi la lita 1,000 likijaa ni tani nzima, bado matofali lililokalia. Mabomba yametobolewa kwenye zege na matundu yakazibwa kwa saruji ya kushika mkononi. Simlaumu mtu. Maji ya bomba hayapandi ghorofa za juu kwa nguvu zake, na yakija huja usiku. Lakini paa halikujengwa libebe mzigo ule.

Tukaanza kuuliza ruhusa na msaada wa kulitengeneza. Ofisi moja ikatuambia paa ni la wakaazi wenyewe, tujichangishe. Nyengine ikatuambia jengo ni la Serikali, tusiguse chochote bila ya kibali. Barua zetu zimegongwa mihuri ya kupokelewa na nakala ziko kwenye faili la katibu, anayetaka kuziona aende akazisome.

Ndugu zangu, swali la paa ni la nani nimelibeba mwaka mzima, na nadhani ndilo swali kubwa la sera ya makaazi hapa Zanzibar, ingawa mikutanoni halisikiki. Kinachosikika ni nyumba mpya: ngapi zitajengwa, wapi, na kwa ghorofa ngapi. Sipingi nyumba mpya, na hesabu zinaonesha tunazihitaji. Sensa ya 2012 ilituhesabu watu 1,303,569. Ya 2022 ikatukuta 1,889,773. Ni ongezeko la zaidi ya watu 586,000 ndani ya miaka kumi. Tukikisia watu watano kwa nyumba moja, zilihitajika nyumba zaidi ya 11,000 kila mwaka kwa hao waliozidi tu, bado waliobanana tangu zamani. Hakuna shirika lililojenga idadi hiyo. Waliojenga ni wananchi wenyewe, kule Fuoni, Kisauni, Mwera na Tunguu, wengi katika viwanja vilivyomegwa kutoka yale mashamba ya eka tatu tatu yaliyogaiwa baada ya Mapinduzi, chumba kimoja mwaka huu, bati mwaka ujao.

Na hizo nyumba mpya za kununua, ni nani kati yetu anaziweza? Fanyeni hesabu pamoja nami. Kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma kilichotangazwa mwaka 2022 kilikuwa shilingi 347,000. Kanuni inayotumika sehemu nyingi duniani ni kwamba makaazi yasile zaidi ya theluthi ya kipato. Theluthi hapo ni kama shilingi 115,000. Ukiweka 115,000 kila mwezi kwa miaka ishirini bila ya kukosa hata mwezi mmoja, utakuwa umelipa shilingi 27,600,000, na hapo sijaweka faida ya benki. Sasa nendeni Fumba mukaulize bei za fleti zinazotazama bahari. Nyingi zimeandikwa kwa dola, na kwa mgeni kuna kivutio cha ziada, maana akinunua kuanzia dola 100,000 hupata kibali cha ukaazi. Ni biashara halali na inaingiza fedha nchini, sina ugomvi nayo. Ninachosema ni kwamba isihesabiwe katika fungu la makaazi nafuu, kwa sababu mwalimu wa skuli hana nafasi kule.

Kuna na jambo la mkopo ambalo wapangaji wa mipango hulipita haraka. Wengi wetu hatutaki riba, na hilo si la kujadiliwa. Benki ya Watu wa Zanzibar imefungua dirisha la Kiislamu miaka mingi sasa, na wapo waliofaidika, lakini mwenye banda la samaki Darajani au anayeendesha bodaboda hana hati ya mshahara ya kuonesha. Mpango wa nyumba nafuu usiomfikia mtu wa kipato cha leo kwa leo umewaacha watu wengi nje ya mlango.

Ndiyo maana nasema nyumba nafuu kuliko zote ni ile iliyokwishajengwa. Majumba haya tumeyapata baada ya Mapinduzi ya 1964, alipoamua Mzee Abeid Amani Karume kwamba watu wa Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe, watoke kwenye vibanda vya udongo na makuti waishi nyumba za saruji, zenye maji na umeme ndani. Wajerumani wa Mashariki walisaidia, kuanzia Kikwajuni mpaka hapa Michenzani, na Pemba nako nyumba za maendeleo zikasimama. Wazee wetu walihamia bila ya kutoa hata senti. Wapo waliovunjiwa vibanda vyao na hawakufurahi, hilo nalo tuliseme, maana baraza ya mbele ya nyumba huwezi kuipandisha ghorofa ya nne. Hata hivyo familia zimelelewa humu, na zimelelewa kwa gharama ambayo mnyonge aliiweza. Nimeolewa nikaletwa jumba hili, na bado nipo.

Kilichokosekana tangu siku ile ni mfuko wa matengenezo. Nyumba iligaiwa, lakini hakuna aliyeambiwa kila mwezi aweke kiasi gani kwa ajili ya ngazi, bomba la maji machafu na paa. Mwaka 2010 tulipata Sheria ya Kondominiamu, inayosema mwenye fleti anamiliki sehemu yake na pia ana fungu katika vile tunavyotumia pamoja, na kwamba wamiliki wawe na chombo chao cha kuvisimamia. Mwaka 2014 ikaja sheria ya kuunda Shirika la Nyumba la Zanzibar. Kwa maandishi tumekamilika. Kwa vitendo, sheria ile ya kondominiamu inamtaka mwenye fleti ajulikane ni nani, na hapo ndipo tulipokwama mwaka huu.

Kamati ilipita mlango kwa mlango kuandika majina ya wamiliki. Tulikuta karatasi nyingi zina jina la marehemu. Mzee alipewa nyumba, akafariki, watoto hawakugawa mirathi. Mmoja anaishi ndani, mwengine yuko Dar es Salaam, mwengine Oman, na kuna wajukuu ambao hawajuani. Katika nyumba moja, anayeishi ni mpangaji wa mpangaji, kodi anampelekea kijana ambaye si mrithi hata kidogo. Ukimwambia achangie paa anakuuliza kwa nini atengeneze mali ya watu, na kwa upande wake ana haki. Mrithi aliye mbali naye anasema anayekaa ndani ndiye anayefaidi. Naomba kila familia yenye jina la marehemu kwenye karatasi iende Mahakama ya Kadhi ikamalize mirathi. Si lazima nyumba iuzwe. Inatosha warithi waandikwe na mmoja wao apewe uwakala wa kuhudhuria vikao vyetu.

La ghorofa ya chini nitalisema kwa ufupi, kwa kuwa wahusika wamo humu ndani na tunaheshimiana. Mwaka huu kuta nyengine mbili zimetobolewa kutoa mlango wa duka. Biashara ni riziki, lakini hakuna aliyemuuliza mhandisi kama ukuta ule unabeba walioko juu. Disemba 2020 tulishuhudia Beit al Ajaib ikiporomoka sehemu yake ya mbele, na watu wawili walipoteza maisha. Lile lilikuwa jengo la karne ya 19 linalofahamika dunia nzima, ndani ya eneo la Urithi wa Dunia, na matengenezo yalikuwa yanaendelea. Kamati imeamua kwamba kuanzia sasa anayetaka kuvunja ukuta alete kwanza maandishi ya mhandisi.

Fedha. Mchango wa shilingi 5,000 kwa mwezi umelipwa na kiasi cha nusu ya nyumba, na kama kawaida waliolipa bila ya kukumbushwa ni wajane. Zimetumika kuzibua bomba la maji machafu upande wa nyuma, taa za ngazi, na malipo ya fundi wa ukaguzi. Kilichobaki hakitoshi kununua hata saruji ya robo ya paa. Saruji yetu inavuka bahari kutoka Bara na mchanga ni wa kibali, kwa hiyo bei haitatusubiri.

Wapo wanachama wanaosema tusihangaike, tusubiri tuvunjiwe na kujengewa upya kama wenzetu wa mtaa wa Kwahani. Yawezekana zamu yetu ikafika. Ila anayesubiri kuvunjiwa bila ya jina lake kuandikwa popote ajue kwamba siku ya kugaiwa funguo hukaguliwa karatasi, na ile ya marehemu haitamtambua.

Kwa Serikali tunapeleka maombi matatu, na katibu ameyaandika kwa barua inayopita kwa Sheha na kwa Mwakilishi wetu. Itamkwe kwa maandishi nani anamiliki paa, ngazi na mabomba ya majumba ya zamani. Bajeti ya makaazi iwe na fungu la kutengeneza nyumba zilizopo, hata kama ni la kuchangia nusu na sisi tutoe nusu. Na kitafutwe kituo kimoja cha maji chini chenye pampu, ili matangi yaondoke juu.

Sisi nasi tutaanza ngazi ya kwanza, ambayo wakaazi wake wote wamekamilisha michango. Fundi atabandua zege bovu, atasugua nondo au atakata na kuunga mpya, kisha ndipo azibe. Kazi itaanza baada ya mvua za vuli. Wenye matangi katika upande huo wayashushe kabla, na vijana wa jumba wamekubali kusaidia kuyabeba bila ya malipo. Uchaguzi wa kamati mpya utafanyika Ijumaa ya kwanza ya mwezi ujao, baada ya sala ya alasiri, uwanjani hapa hapa. Fomu ziko kwa katibu, na mwaka huu ningependa kuona ghorofa ya chini nayo inaleta mgombea.