Barua kwa Baba Mkubwa kuhusu mji uliochukuliwa na mto

St. Louis, Missouri,
Marekani.

Baba Mkubwa mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta wewe, Mama Mkubwa na wote wa Ikwiriri mkiwa katika afya njema. Sisi huku tu wazima. Baridi imekwisha na mto Mississippi umeanza kujaa. Tulipozungumza kwa simu uliniuliza ni utafiti gani huo unaonitoa nyumbani kila nipatapo siku ya mapumziko, nami nikakujibu kwa mkato kwa sababu mtandao ulikuwa ukikatika. Nimeona ni adabu zaidi nikueleze kwa maandishi, tena kwa kirefu, kwa kuwa nina ombi ambalo hakuna awezaye kulitimiza isipokuwa wewe na wazee wenzako.

Kiasi cha kilomita mia moja kusini mwa mji ninaoishi palikuwa na mji uitwao Kaskaskia. Ulianzishwa mwaka 1703, wakati mapadre Wajesuiti na wafanyabiashara wa Kifaransa walipohamia pamoja na watu wa kabila la Kaskaskia kwenye ukanda wa ardhi uliokuwa kati ya mto Kaskaskia na Mississippi. Ardhi ile ilikuwa na rutuba kama ya bonde letu, na wakulima wake wakalima ngano katika mashamba membamba na marefu yaliyopangwa sambamba, kisha unga ukateremshwa kwa mashua mpaka New Orleans, sawa na mchele wa Rufiji ulivyokuwa ukishushwa pwani na kuvushwa mpaka Unguja. Baadaye mji ulipita mikononi mwa Waingereza, ukatekwa na George Rogers Clark, kamanda wa Wamarekani waliopigania uhuru, usiku wa tarehe 4 Julai 1778, na jimbo la Illinois lilipoundwa mwaka 1818 ukawa makao makuu yake ya kwanza, kwa muda wa miaka miwili hivi. Hayo ya utawala yameandikwa kila mahali, kwa hiyo sitakuchosha nayo. Leo ukienda kuutafuta mji huo hutaukuta, kwa sababu mahali zilipokuwapo nyumba zake panapita Mississippi.

Kilichonishangaza ni kwamba mji umekwenda lakini karatasi zake zimebaki. Katika mahakama ya kaunti iliyoko Chester, mji mdogo ulio juu ya kilima upande wa Illinois, zimehifadhiwa hati za Kifaransa za Kaskaskia tangu mwaka 1714, nazo zimepigwa picha kwenye mikrofilamu. Ndani yake mna mikataba ya ndoa, mauzo ya viwanja, madeni, minada na orodha za mali za marehemu. Kifaransa chake ni cha zamani na mwandiko wa makarani wengine ni wa kutesa, lakini ukishazoea mkono wa karani mmoja unaanza kuwajua majirani wake: nani aligombana na nani kwa ajili ya mpaka wa shamba, nani alikopa akafa kabla ya kulipa, nani alinunua sufuria za nani.

Mwanamke mmoja ninayemsoma kwa makini ni Marie Rouensa, binti wa chifu wa Wakaskaskia. Mwaka 1694, kabla watu wake hawajahamia mahali pale, alikataa kuolewa na mfanyabiashara wa Kifaransa aliyechaguliwa na wazazi wake, mpaka baadaye akakubali kwa masharti yaliyohusu dini. Alipofariki mwaka 1725 alikuwa miongoni mwa matajiri wa mji, mwenye mashamba, nyumba, mabanda na mifugo, akazikwa ndani ya kanisa. Usia wake, ambao ulifafanuliwa kwake kwa lugha yake mwenyewe, ulimnyima urithi mwanawe mmoja aliyeondoka kwenda kuishi kwa desturi za wajomba zake, kisha akaongeza maneno ya kumfungulia mlango iwapo atarejea. Nikisoma usia ule ninamsikia mama kabisa, mwenye hasira na huruma katika karatasi moja.

Lakini katika mali ya mama huyohuyo wamo watumwa wa Kiafrika, na hapo ndipo utafiti wangu ulipobadilika. Waafrika waliishi Kaskaskia kwa zaidi ya miaka mia moja. Walilima ile ngano, wakapika katika majiko ya matajiri, na kwa kuwa sheria ya Wafaransa ya mwaka 1724 iliamuru watumwa wabatizwe, majina yao yamo katika madaftari ya parokia. Jina huwa moja tu, la ubatizo, likifuatiwa na jina la mwenye mali. Katika orodha za mirathi wanatajwa pamoja na maksai na majembe, wakiwa wamepangiwa bei. Hakuna usia wa kusomewa kwa lugha yao. Hata sheria ya mwaka 1787 iliyopiga marufuku utumwa katika eneo lile haikuwafungua waliokuwa chini ya familia za Kifaransa. Vizazi vyao vilisubiri mpaka mwaka 1845, Mahakama Kuu ya Illinois ilipoamua katika kesi ya Jarrot kwamba hawawezi kushikiliwa tena.

Najua utaniuliza kama miongoni mwao walikuwamo watu wa kwetu. Sina sababu ya kudai hivyo. Morice, yule mfanyabiashara wa Kifaransa, alifanya mkataba wa kununua watumwa na Sultani wa Kilwa mwaka 1776, na wakati huo Kaskaskia ilikuwa imeshatoka mikononi mwa Wafaransa tangu mkataba wa Paris wa mwaka 1763. Wapo wanaopenda kuunganisha kila kitu ili simulizi ipendeze, nami sitaki kuwa mmoja wao.

Sasa nikueleze mto ulivyofanya kazi yake. Wenyeji wa huku wana hadithi ya laana: kwamba kijana wa kabila la asili alipendana na binti wa mfanyabiashara wa Kifaransa, akauawa kwa kutupwa mtoni, na kabla ya kufa akaulaani mji. Hadithi hiyo huwapendeza sana watalii. Mimi naona shoka linatosha kueleza yaliyotokea. Tangu meli ya kwanza ya mvuke ilipofika St. Louis mwaka 1817, meli hizo ziliongezeka mwaka hata mwaka, na kila moja ilikula kuni nyingi mno, zilizokatwa kwenye misitu ya kandokando ya mto. Watafiti wameeleza kwamba kingo zilipobaki bila mizizi ya kuzishika zilianza kumeguka, mto ukapanuka na kuwa na kina kifupi, na mafuriko yakazidi. Mafuriko makubwa ya mwaka 1844 yaliwafukuza masista wa Visitation waliokuwa na shule yao pale tangu 1833, wakahamia huku St. Louis, na baada ya miaka michache makao ya kaunti nayo yakahamishiwa Chester. Mwezi Aprili 1881 Mississippi ulikata shingo nyembamba ya ardhi iliyobaki, ukaingia katika mkondo wa mto Kaskaskia na kuufanya njia yake. Mji haukuzama kwa siku moja. Ulimegwa polepole, kiwanja baada ya kiwanja, miaka mingi, wenyewe wakitazama.

Walichookoa kinaonyesha walichokithamini. Mabaki ya maiti wapatao 3,000 yalifukuliwa na kuzikwa upya kwenye kilima cha Garrison, ng'ambo ya mashariki, ambako hakuna mafuriko yanayofika. Kanisa lilihamishwa, na kengele yake ya mwaka 1741, zawadi ya Mfalme Louis wa Kumi na Tano, ipo mpaka leo katika jengo dogo lililojengwa kwa ajili yake. Kwa kuwa mto ulihama, kipande cha ardhi kilichobaki na jina la Kaskaskia sasa kiko magharibi mwa Mississippi, upande wa Missouri, ingawa kisheria bado ni Illinois, na ili kukifikia lazima upitie mji wa St. Mary ulio katika jimbo jingine. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu wakazi 21 tu. Ama watu wa kabila la Kaskaskia wenyewe, walisainishwa mkataba mwaka 1803 uliowaondolea karibu ardhi yao yote katika Illinois, na wajukuu wao leo wamo katika kabila la Peoria huko Oklahoma, mbali kabisa na makaburi yale.

Baba Mkubwa, ni kwa sababu ya mambo haya ninakuandikia. Bondeni kwetu vilikuwapo vitongoji kandokando ya Rufiji ambavyo watu walivihama baada ya mafuriko ya mwaka 1968, Operesheni Rufiji, mpango wa serikali wa kuwahamisha watu wa bondeni, ilipowapandisha sehemu za juu zisizofikwa na maji. Nilipokuwa mdogo nilidhani madungu tuliyolala msimu wa mlau, yaani kilimo cha bondeni baada ya maji kupungua, yalikuwa ya kulindia mazao tu. Sikujua kwamba mengine yalisimama palepale penye nyumba za babu zangu. Sisi hatuna karani aliyeandika mikataba ya ndoa za bondeni. Katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, kipo kitabu cha wilaya cha enzi za Mwingereza, nami nitakitafuta nikija, lakini mkuu wa wilaya aliandika aliyoyahitaji kwa kodi na utawala wake, na kwa uzoefu wangu wa Kaskaskia sitarajii kuikuta humo sauti ya bibi yetu.

Ninachoomba ni hiki. Unitajie vitongoji kwa mpangilio wake, ukianzia juu ya mto na kushuka, kila kimoja kilikuwa upande gani na nani alikuwa jumbe wake. Unieleze msikiti ulikuwa wapi, kisima au mahali pa kuteka maji palikuwa wapi, na hasa makaburi yako karibu na mti gani au kilima gani, na kama mto umeshayafikia. Nataka pia kujua kila ukoo ulihamia kijiji kipi, nani alirudi bondeni kwa siri, na nani aligoma kuondoka. Wanawake waulizwe peke yao, kwa sababu nimeona hata huku kwamba wanaume hukumbuka mipaka na vyeo, na wanawake hukumbuka nani alizaliwa wapi na mwaka gani maji yalifika mpaka kitandani. Na kama wamo watu ambao wazee huwataja kwa sauti ya chini kwamba babu zao walikuja wakiwa watumwa, naomba wasiachwe nje ya daftari. Kama jambo hilo litaleta fedheha kwa mtu aliye hai, liandikwe pembeni, lisisomwe hadharani.

Nimemwomba mdogo wangu awe anakuja kwako baada ya swala ya Ijumaa. Simu yake inarekodi vizuri, naye nimemtumia daftari gumu na fedha za nauli, pamoja na za kahawa ya wazee watakaokaa naye. Wazee wakihitilafiana juu ya jambo fulani, aandike kauli zote mbili na majina ya wasemaji, asiamue yeye. Mvua za masika zikipungua, nitashukuru akipelekwa bondeni na mtu anayezijua njia, akapige picha sehemu mtakazomtajia.

Nisalimie Mama Mkubwa, shangazi wa Utete, na vijana wote wa nyumbani. Kile kikohozi chako ulichonificha nimekwisha kuambiwa. Tafadhali nenda hospitali, na gharama yake niachie mimi.

Ni mimi mwanao,
wa St. Louis.