Kitoweo kigaiwe kwa mahitaji ya mwili, si kwa cheo

Ndugu Mhariri, assalaam alaykum. Naomba nafasi kidogo niseme na wenzangu akina baba, maana akina mama wanasomeshwa mambo ya lishe kila wakienda kliniki mpaka wameyahifadhi, sisi hatuna anayetwambia kitu na sisi ndio tunaogaiwa mwanzo.

Mie nakaa Konde huku Pemba, nina watoto sita. Kwetu chakula kikiiva zinatoka sinia mbili, moja ya wanaume ukumbini na moja ya wanawake na watoto uwani. Mtungo wa samaki changu ukitoka dikoni, pale boti za wavuvi zinaposhusha, vichwa na vipande vinono vinakuja kwetu, kule nyuma inakwenda mikia na mchuzi, na ule mkia mama anamchambulia mtoto mdogo halafu yeye anakula wali na mchuzi mtupu. Hakuna aliyekaa akaamua iwe hivi, tumewakuta wazee wakifanya na sisi tukaendelea.

Sasa mwaka huu binti yangu wa miaka 14 akaanza kutafuna mchele mbichi. Mama yake akimpa ungo achague mchele, kila akitoa chuya na mkono mmoja wa pili unakwenda mdomoni, akikatazwa anaficha kwenye upindo wa kanga. Akirudi skuli analala mpaka magharibi, na mie nikawa namgombeza namwita mvivu, jambo ambalo mpaka leo linaniuma. Tulipompeleka hospitali akapimwa wingi wa damu ikatoka gramu 7 kwa desilita, na kwa umri wake ilitakiwa isipungue 12. Nesi akamvuta kope ya chini akanionesha ndani ya jicho, peupe kama nazi. Akasema hamu ya kutafuna mchele mbichi au udongo au barafu mara nyingi inafuatana na upungufu wa damu, halafu akanigeukia, "Baba, huyu anakula nini?" Nikamwambia anakula tunachokula sote. Akaniuliza, "Na kipande chake cha samaki anakula nani?" Nikanyamaza.

Yule nesi Mungu ambariki, alichukua karatasi akaniandikia, na nyinyi nakuandikieni. Haya ni madini ya chuma, ambayo mwili unatengenezea damu, yanayohitajika kwa siku, kwa vipimo wanavyotumia Marekani. Mwanamme mzima kama mie miligramu 8. Msichana wa miaka 14 mpaka 18 miligramu 15, kwa sababu anakua na keshavunja ungo, kila mwezi damu inamtoka. Mjamzito miligramu 27. Na mtoto wa miezi 7 mpaka 12, ambaye hata kutembea hajajua, anataka miligramu 11! Yaani mtoto wa kubebwa anahitaji chuma kuliko baba yake anayebeba magunia, nilimuuliza mara mbili kama hakukosea kuandika. Akanieleza kwamba mtoto anazaliwa na akiba aliyoipata tumboni kwa mama, na ile akiba ikifika miezi sita hivi inakwisha, na maziwa ya mama yana chuma kidogo. Kwa hivyo miezi sita ya mwanzo ni maziwa matupu bila hata maji, baada ya hapo anyonye mpaka miaka miwili au zaidi lakini aanzishiwe chakula, na sio ule uji mwepesi unaochuruzika kama maji ya mchele. Tumbo lake dogo, ukilijaza maji limeshajaa. Uji usimame kwenye kijiko, utiwe samaki aliyepondwa au choroko au yai.

Anayenyonyesha naye anataka kula zaidi, kiasi cha kalori 500 kwa siku juu ya chakula chake cha kawaida, na kwetu huyo ndie anaekula mwisho baada ya kuhudumia wote.

Mtu asinielewe vibaya akaenda dukani akawanunulia watoto vidonge vya damu. Hapa hapa Pemba ulifanywa utafiti mkubwa wa kuwapa watoto wadogo vidonge vya chuma na asidi ya foliki, aina ya vitamini B, kila siku, matokeo yake yakachapishwa 2006, ikaonekana kwenye sehemu yenye malaria wale waliopewa walizidi kuugua sana na hata kufa kuliko wasiopewa. Vidonge viandikwe na hospitali baada ya kupima, na minyoo ipimwe pia maana na yenyewe inafyonza damu. Mie nasema sinia tu, ambayo haitaki cheti cha daktari.

Na wazee jamani. Mama yangu hana meno, tukawa tunampa boflo na chai ya rangi asubuhi na jioni tukiona tumemsitiri, kumbe mzee nyama za mwili zinamwisha na wataalamu wengi wanashauri apate protini zaidi ya kijana, gramu 1 mpaka 1.2 kwa kila kilo ya uzito wake wakati kijana inamtosha 0.8. Kiu nayo inampotea, haombi maji mpaka apewe. Sasa hivi mke wangu anatwanga dagaa wakavu kwenye kinu anachekecha, ule unga anamtilia kwenye mchuzi wa nazi, na mifupa ya dagaa ndio chokaa, yaani kalsiamu, ya mifupa ya bibi. Dagaa hawa wanaanikwa kwetu wanafungwa magunia wanasafirishwa mpaka Kongo, na jirani na kichanja watoto wanakula muhogo na chai ya rangi. Hiyo chai na yenyewe ikinywewa pamoja na chakula inazuia chuma kisiingie mwilini, bora isubiri saa moja, na kwenye chakula kamulia ndimu ambayo inasaidia kiingie.

Kwangu sasa samaki anakatwa na kugaiwa jikoni kabla ya sinia kutoka, binti na mama yake na mdogo wanatengewa vyao, kinachobaki ndio kinakuja ukumbini. Siku za mwanzo kaka yangu alinuna. Binti yuko kwenye dawa, juzi amepimwa tena imefika 10 na mchele kauacha mwenyewe.

Ombi langu kwa wahusika wa afya, msitungojee kliniki kwa sababu hatuji. Njooni dikoni asubuhi boti zikiingia, wanaume wote tupo na samaki wapo pale pale, aje mtu na karatasi kama ile niliyoandikiwa mie kabla hatujaibeba mitungo kwenda nayo nyumbani.

Baba wa watoto sita,
Konde, Pemba